Komeo la Bibi lilikuwepo kabla ya iPhone: hizi hataza za kuloki simu mnazotutishia nazo

Leo tuweke pembeni ndoa za mastaa. Ile stori ya yule dada wa bongo muvi niliyowaahidi wiki iliyopita ipo, haichachi, mtaipata. Leo kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi na nisipolitoa hapa sitalala.

Jumamosi nilikuwa kwenye sendofu huko Kibosho. Sendofu ya nguvu, ndafu ipo, mbege ipo, soda za kumwaga. Katikati ya shughuli emsii akampa maiki kijana wetu mmoja wa mjini, jina kapuni. Wa Moshi mnamjua hata nisipomtaja: gari lina namba ya jina lake na kila mwezi anazindua kitu. Safari hii akasimama akatangaza kwamba yeye ndiye mmiliki wa namna mpya ya kuloki simu. Simu moja, pateni mbili. Ukichora ya kwanza inafunguka kila kitu. Ukichora ya pili unapata kupiga, tochi na redio basi, meseji na mambo ya pesa hayaonekani. Akasema kitu hicho kina hataza, na fundi yeyote wa hapa mjini atakayemwekea mteja bila kumlipa yeye ajiandae kukutana na mwanasheria.

Watu wakapiga makofi. Kuna mama akapiga na vigelegele.

Niliyekaa naye meza moja hakupiga. Ni fundi simu, naye jina kapuni, ana meza yake ya kioo barazani mwa duka la mtu karibu na stendi. Kitu kile alikitengeneza yeye mwaka juzi, usiku, kwa kujifunza YouTube, na hakukitengenezea biashara. Alikitengenezea bibi yake.

Bibi anaishi juu huko, na simu yake ilikuwa mali ya wajukuu. Wakitoka shule wanaivamia. Kuna siku mmoja alifuta meseji zote, pamoja na ile ya malipo ya kahawa, na Bibi akakaa wiki nzima anabishana na karani kwamba hajalipwa. Kumwekea loki ya kidole haikuwezekana. Vidole vya Bibi vimelima na kuchambua kahawa miaka hamsini, mistari yote imefutika. Mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole, ule wa 2019 mpaka ile tarehe 20 Januari 2020? Mashine ya wakala mmoja ilimkataa Bibi mara sita mpaka akauliza kama mashine inamdai. Namba za siri anasahau. Ila kuchora anaweza. Ndiyo fundi akamwekea pateni mbili, yake na ya wajukuu. Wajukuu wakafurahi wana redio na tochi, Bibi akafurahi meseji zake zipo. Majirani wakaona, wakataka. Fundi akawa anawawekea, mara buku mbili, mara bure, mara mkungu wa ndizi.

Jumatatu fundi alipigiwa simu. Sijui aliambiwa nini chote, lakini jioni nilimkuta anawapigia wateja warudishe simu aitoe ile kitu. Nikamuuliza Bibi je? Akasema hata ya Bibi.

Hapo ndipo damu ikanichemka. Mimi ni mtu wa fomu foo, sijasoma sheria, lakini kusoma najua na bando ninalo, na siku tatu hizi sijafanya kingine. Niliyoyapata nayaweka hapa.

Kwanza hataza yenyewe. Kwetu kuna Sheria ya Usajili wa Hataza, Sura ya 217, ilitungwa 1987. Msajili ni BRELA. Pia unaweza kupitia ARIPO, lile shirika la nchi za Afrika lenye makao yake Harare, ukaitaja Tanzania kati ya nchi unazotaka. Huko kote unaulizwa mambo matatu. Kitu chako ni kipya? Kina hatua ya ubunifu, maana yake mtu wa fani hiyo hiyo akiangalia vilivyokuwepo asingekifikia tu kwa akili ya kawaida? Na kinaweza kutumika viwandani au kwenye kazi? Likikosekana moja, hupati. Swali la pili ndilo roho ya maneno yangu yote ya leo. Siyo kila jipya ni uvumbuzi. Mimi nikiweka parachichi kwenye chapati na hakuna aliyewahi kuweka, hicho ni kifungua kinywa.

Sasa tumpime jina kapuni. Android iliruhusu simu moja kuwa na watumiaji zaidi ya mmoja, na mgeni pia, tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014. Mwaka 2016 Xiaomi kwenye MIUI 8 walileta nafasi ya pili ndani ya simu, ukiingiza namba hii unaingia huku, ukiingiza ile unaingia kule. Yaani pateni mbili milango miwili imeshauzwa dukani miaka na miaka kabla ya sendofu ya Kibosho. Hata fundi wetu hakuvumbua, na hajawahi kusema amevumbua. Alipunguza tu, akaacha redio na tochi, ili bibi asiyejua kusoma menyu aweze. Na hata hao wa Xiaomi, tuseme ukweli, wazo lenyewe lina ugeni gani? Mgeni anaishia sebuleni, wa nyumbani anaingia mpaka chumbani. Kila nyumba ya Moshi ina hiyo programu.

Mkiniambia mahakama za wakubwa haziwezi kuhangaika na vitu vya wazi namna hiyo, ngoja niwape kisa cha kuburuza kidole.

Mnaikumbuka iPhone ya kwanza. Steve Jobs aliionyesha tarehe 9 Januari 2007. Chini ya kioo kuna kitufe, unakiburuza kwenda kulia, simu inafunguka. Nitakuwa mkweli, ni kitu kitamu. Mimi mara ya kwanza kuishika ya mjomba nilifungua na kufunga mpaka akaninyang'anya. Apple walikuwa wameshaomba hataza ya kuburuza huko tangu Desemba 2005, wakapewa Marekani. Moja ya hataza hizo, namba 8,046,721, ilitolewa Oktoba 2011. Wakaanza kukimbizana nayo na watengenezaji wa Android dunia nzima.

Tatizo ni kwamba Sweden kulikuwa na kampuni ndogo inaitwa Neonode, na kabla Apple hawajaomba, tayari ilikuwa na simu ya kioo inaitwa N1m. Simu hiyo unaifungua kwa kupitisha kidole kwenda kulia. Kidogo tu ilikosa kile kipicha kinachofuata kidole. Basi tofauti yote imebaki hapo: kwa Neonode kidole kinatembea, kwa Apple kidole kinatembea na picha inakifuata.

Kesi ikaenda Uingereza, Apple na HTC. Mwaka 2012 jaji akasema ukiwa na Neonode mezani, kuongeza kipicha ni jambo la wazi, hataza haisimami. Ujerumani nako mahakama ya hataza ikaifuta 2013, na mahakama ya juu ya huko ikakubaliana nayo Agosti 2015. Nikasoma nikasema haya, yameisha.

Hayajaisha. Marekani ni tamthilia. Mwaka 2014 baraza la wazee wa mahakama kule California liliwaambia Samsung wawalipe Apple dola milioni 119.6 kwa hataza tatu, na hii ya kuburuza ikiwa mojawapo. Peke yake ilikuwa kama dola milioni 3. Pesa nyingi zaidi ilikuwa ya kitu kingine: ile namba ya simu ikiwa ndani ya meseji unaigusa inakupigia. Nayo hiyo mtu alikuwa na hataza nayo! Februari 2016 majaji watatu wa rufaa wakageuza, wakasema kuburuza ni jambo la wazi. Wakataja Neonode, wakataja na utafiti wa 1992 wa Chuo Kikuu cha Maryland kuhusu swichi za kwenye kioo za kuwashia vitu nyumbani, ambapo swichi mojawapo ilikuwa ya kuburuza. Mwaka 1992! Mimi sijazaliwa. Oktoba 2016 mahakama hiyo hiyo ikakaa upya kwa wingi wake, kura 8 kwa 3, ikarudisha ushindi wa Apple. Samsung wakakimbilia Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, Novemba 2017 ikakataa kuwasikiliza.

Kuna kitu kimoja kwenye uamuzi ule wa kura 8 kilichonifanya niweke simu chini nicheke peke yangu. Katika mambo yaliyohesabiwa kuonyesha kwamba kuburuza halikuwa jambo la wazi ni video ya Jobs siku ile ya uzinduzi. Alipopitisha kidole, ukumbi ulilipuka kwa shangwe.

Makofi, wadau. Makofi ni ushahidi.

Mimi naandika habari za burudani mwaka wa nne huu. Nimeona msanii anapigiwa makofi kwa wimbo ambao kila mtu ukumbini anajua ameutoa wapi. Nimeona emsii anashangiliwa kwa kusema "Moshi mpo?" Watu wanashangilia kwa sababu aliyesimama mbele anapendwa, taa zimewaka, na waliokuja wamekuja kushangilia. Ukitaka kujua kama kitu ni cha wazi usimuulize aliyelipa kiingilio, muulize fundi. Na pale Kibosho fundi alikuwa kwenye meza namba saba, mikono imelala mapajani.

Kingine cha kuchekesha, ingawa kinauma: Septemba 2016 Apple wenyewe walitoa toleo lao la iOS 10 na kuondoa kule kuburuza, ukawa unabonyeza kitufe cha chini. Mwezi uliofuata ndipo wakashinda kwa kura 8. Walishinda kesi ya mlango ambao wenyewe walishauziba.

Bibi yangu mimi, siyo wa fundi, yuko Uru. Banda lake la ng'ombe lina komeo la mti. Kipande cha mti kimepita kwenye matundu mawili, ukikisukuma kulia kimefunga, ukikisukuma kushoto kimefunguka. Babu alilichonga kabla baba yangu hajaoa. Kinachosogea kinafuata mkono wako, na unakiona kinavyosogea, kwa hiyo unajua umefikia wapi. Nilimwonyesha Bibi picha ya iPhone ya zamani na kile kitufe chake, nikamuuliza hapa unadhani unafanyaje. Hajawahi kushika iPhone maishani. Akaweka kidole akasukuma. Akaniuliza, "Kwani kuna namna nyingine, mjukuu wangu?"

Najua mwanasheria wa Apple angemjibu Bibi. Angesema komeo ni mti na hiki ni kioo, na kwamba kuna kazi ya kuhakikisha simu haijifungui mfukoni. Sawa. Kazi ipo. Waliofanya kioo kisikie kidole walifanya kazi ya kutisha, na kama mtu ana hataza ya namna ya kutengeneza kioo chenyewe, mimi namvulia kofia. Lakini hataza ya kuburuza haikuhusu ulivyotengenezwa mlango, ilihusu kusukuma komeo.

Msidhani haya ni ya Wazungu tu. Jirani zetu Kenya kuna kampuni inaitwa Sanitam, ilipata hataza ya ARIPO, AP 773, kwa pipa la taka za usafi la kukanyaga kwa mguu. Wakaburuzana na kampuni nyingine za usafi, Rentokil mmojawapo, mpaka Mahakama ya Rufaa ya Kenya mwaka 2006. Kisa hicho kinanipa shida kidogo kwa sababu Sanitam ndio walikuwa wadogo, wenyeji, na Rentokil ni jina la dunia. Moyo wangu unawashangilia Sanitam. Kichwa changu kinauliza, pipa la kukanyaga si nimeliona hospitali tangu nikiwa mtoto? Nimejadiliana na nafsi yangu na sijamaliza.

Na hapo ndipo baadhi yenu mtaniambia, wewe unatetea wizi wa ubunifu. Hapana. Kuna mdogo wetu mmoja hapa Majengo, jina kapuni, korasi yake ilichukuliwa na mkubwa wa Dar, ikapigwa redio zote, na yeye hakupata hata shukrani. Nililia naye. Ile ilikuwa kazi yake, sauti yake, maneno yake, na mambo hayo yana COSOTA na sheria yake ya hakimiliki. Lakini mdogo wetu hakuwahi kusema anamiliki kuimba kwa kurudia. Alidai korasi yake.

Kwetu Uchaggani mnajua masale. Mmea wa kijani, unapandwa mpakani mwa kihamba. Ukiona sale unajua hapa ni kwa fulani, huvuki kwa jembe. Ukimkosea mtu unamletea jani lake, na ni vigumu kulikataa. Mmea wa heshima. Hataza ya haki ni sale iliyopandwa mpakani: umelima mwenyewe, umepalilia mwenyewe, hapa ni kwako. Anachofanya jina kapuni, na walichofanya wale wa kuburuza kidole, ni kuamka usiku na kupanda masale katikati ya kipito. Kipito ambacho watoto wanapita kwenda shule na akina mama wanapita kwenda mferejini. Asubuhi unakuta mtu amekaa kwenye kigoda anasema pitia hapa ulipie. Na kwa kuwa ni sale, watu wanaogopa kuling'oa.

Uoga ndio biashara yenyewe. Samsung walikuwa na pesa ya kukaa mahakamani kuanzia baraza la wazee mpaka Washington. Fundi ana bloa, ana bisibisi na kodi ya baraza. Kwake hataza haihitaji hata kuwa ya kweli, inatosha itajwe kwenye maiki mbele ya watu mia tatu.

Na sasa sikilizeni. Jana nilimtafuta jina kapuni. Tulikutana vizuri, kistaarabu, sehemu fulani Rau, akaninunulia soda. Nikamwambia kaka, hongera kwa hataza, naomba niione niandike. Akafungua simu yake, akanionyesha picha ya cheti. Kina nembo, kina jina lake, kina maneno BRELA. Nikakuza picha. Kilikuwa cheti cha usajili wa jina la biashara.

Mimi mwenyewe ninacho cheti kama hicho, cha hii blogu. BRELA wanasajili majina ya biashara, makampuni, alama za biashara, na hataza, yote chini ya paa moja, kwa hiyo naelewa mtu anavyoweza kuchanganya. Lakini kusajili jina la genge lako hakukupi umiliki wa nyanya. Nikamwambia hivyo. Akanyamaza kidogo, akasema mwanasheria wake "anafuatilia hiyo nyingine". Nikamuuliza kama ombi limeshapelekwa. Akasema tusiandike hilo. Sikumwahidi.

Jina kapuni, kama unasoma, nafasi ya kujibu ipo hapo chini na sitafuta neno lako hata moja. Ukileta namba ya ombi au ya hataza, nitaiweka hapa kwa herufi kubwa na nitaomba radhi, hata jani la sale nitaleta mwenyewe.

Usiku huo huo nilipita kwa fundi. Alikuwa anafunga meza. Nikamwonyesha habari ya Xiaomi ya 2016, nikamsimulia cheti. Hakuruka wala hakushangilia, siyo mtu wa hivyo. Aliuliza mara mbili kama nina uhakika ilikuwa ya jina la biashara. Halafu akasema wateja wengine wasubiri kwanza, anataka asikie jamaa atajibu nini, maana mwenye baraza ni rafiki wa yule jamaa na kodi inaisha mwezi huu.

Ila ya Bibi ameshairudisha. Ameipandisha leo asubuhi kwa hiace ya Kibosho, kampa kondakta, kwenye mfuko wa rambo, na betri nyingine ya akiba.